Ngazi Ndani ya Pochi

Inspekta Kobe hakuigusa ile pochi mpaka alipokuwa ameitazama akatosheka. Jina la Kobe alibandikwa na askari wenzake wa kituoni, na mwenyewe hakuwa na kinyongo nalo. Hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, tangu akiwa msichana mwembamba wa doria hadi sasa ana wajukuu. Lakini wote waliujua ule msemo kwamba ukimwona kobe kainama, ujue anatunga sheria. Na mchana huo alikuwa ameinama hasa, kidevu kimekaribia kugonga meza.

"Afande, unasubiri iseme yenyewe?" aliuliza Koplo, aliyesimama mlangoni na funguo za gari mkononi.

"Ikisema utaisikia wapi? Mdomo wako haujafungwa tangu uingie."

Koplo akacheka. Mwanamke aliyeketi upande wa pili wa meza hakucheka. Alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja kubwa, blauzi yake imenyooka, kalamu zake zimepangwa mfukoni kwa rangi, na macho yake mekundu kwa kulia. Baba yake alikuwa ametoka nyumbani asubuhi na mapema, na sasa jua liko utosini, hajarudi.

"Nieleze tena tangu mwanzo," Inspekta alimwambia. "Usiharakishe, mwanangu. Hapa hatulipwi kwa mwendo."

Karani akavuta pumzi. Baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Herufi kwa kuwa alizeekea kwenye kupanga herufi za madini ya risasi katika kiwanda cha uchapaji, alikuwa ameanza kusahau. Si kila kitu. Angeweza kukutajia kila kosa la chapa aliloliona ujanani, lakini usimwulize jana alikula nini. Mkewe, aliyekuwa mjalidi katika kiwanda hichohicho, akishona vitabu na kubandika majalada, ndiye aliyemtengenezea pochi hii. Alichukua diari ndogo ya pete, zile pete za chuma zinazofunguka katikati kama mdomo, akatupa karatasi zote za kalenda, na mahali pa karatasi akatia vifuko vya plastiki. Kila kifuko kilikuwa na kitu chake. Kwa pochi hiyo mzee alitoka peke yake kila asubuhi, akanunua mkate, akachukua gazeti, akapumzika kwa kinyozi, kisha akarudi nyumbani na kumkabidhi mkewe pochi mlangoni.

"Na mama yuko wapi?"

"Hospitali. Jana kapasuliwa mtoto wa jicho, la kushoto. La kulia nalo limeshaziba, linasubiri zamu. Kwa hiyo nikaja kukaa na baba. Mama aliniambia, 'Asubuhi mpe pochi mlangoni, basi. Atajua mwenyewe.' Nikampa. Nikasimama dirishani nikamwona akivuka barabara."

"Ana ugonjwa wowote?"

"Sukari. Asipokula kwa wakati anaanguka." Karani aliitazama saa. "Na leo hata chai hakunywa. Alikuwa anaufuata mkate."

Inspekta hakusema pole. Alisogeza kiti karibu zaidi na meza, na kwa waliomfahamu hiyo ilitosha.

Koplo alikuwa ameshafanya kazi yake, tena vizuri. Mwuza mkate hakumwona mzee leo. Mwuza magazeti hakumwona. Pochi ililetwa kituoni na kinyozi wa mtaani, ambaye alisema kaiokota kwenye benchi nje ya duka lake, na sasa alikuwa amekaa kwenye korido akisugua viganja vyake.

"Pesa zimo?" Inspekta aliuliza.

"Zimo," alijibu Karani. "Kitambulisho kimo, kadi ya kliniki imo, ufunguo umo. Kilichokosekana ni picha ya mama. Kifuko chake kimebaki kitupu."

"Mwizi gani anaiba picha ya bibi na kuacha hela?" Koplo alisema. "Mimi namshuku kinyozi. Mtu mwenye hatia hasugui viganja bure."

"Na mtu mwenye baridi je?"

Inspekta alifungua pochi kwa ncha ya penseli. Kifuko cha kwanza kilikuwa hicho kitupu cha picha. Kilichofuata kilikuwa na kadi zote pamoja, kisha ufunguo, kisha noti na sarafu zimerundikwa mahali pamoja, na nyuma yake vifuko vitupu. Alitazama jalada: alama za vidole vya unga mweupe, unga laini wa kupaka shingoni. Alitazama pete: katikati ya meno yake, pale chuma kinapoumana na chuma, kulikuwa na vinywele vifupi vyeupe. Akavikung'uta juu ya karatasi, akaikunja karatasi na kuitia mfukoni.

"Baba yako alikuwa na ndevu leo asubuhi?"

"Nyingi tu. Mama ndiye humkumbusha kunyoa; kwa kinyozi siku nyingi huenda kupumzika tu."

Kisha Inspekta akaona jambo jingine. Kwenye ukingo wa nje wa kila kifuko kulikuwa na mkato mdogo wa kisu, kama pengo la jino la maziwa. Kifuko kimoja kilikatwa juu kabisa, kingine katikati, kingine karibu na chini. Kimoja tu, cha nyuma kabisa, hakikuwa na mkato. Alifunga pochi akapitisha kidole ubavuni. Mikato ilikuwa huku na huku, haina mpango wowote.

"Panya," alisema Koplo.

"Panya gani anatafuna kwa rula? Karani, uliwahi kuiona mikato hii?"

"Niliiona jana. Nikadhani plastiki imechakaa." Akainamisha uso.

Inspekta aliliweka akiba lile neno la jana, akaagiza kinyozi aletwe.

Kinyozi aliingia. Alikuwa mtu mrefu mwenye kipara kinachong'aa, ungedhani ameapa kulikanusha lile neno la wahenga kwamba kinyozi hajinyoi. Alikaa kwenye ncha ya kiti.

"Pochi uliiokota benchini," Inspekta alisema.

"Ndiyo, afande."

"Mzee mwenyewe leo hukumwona."

"Sikumwona. Haki ya Mungu."

"Mwache Mungu, ana kazi nyingi." Inspekta alitoa ile karatasi mfukoni, akaikunjua mbele yake taratibu. "Basi nisaidie. Hizi ndevu zilitembea zenyewe mpaka kwenye pete za pochi? Na huu unga ulio kwenye jalada, ni benchi lililojipaka?"

Kinyozi alizitazama zile ndevu kama mtu aliyeonyeshwa mtoto wake wa nje. Njia ya mwongo ni fupi, na yake iliishia pale. Mabega yalimshuka.

"Alikuja, afande. Kila siku akifika kwangu anafungua kifuko chenye noti yangu, ananipa, anyoe asinyoe, anakaa, tunapiga soga. Leo alipovuka tu barabara alikaa kwangu, hata mkate hajanunua, akafungua akaishia kwenye picha. Akaitazama, akatabasamu, tabasamu la bwana harusi kabisa. Akaniambia, 'Ninyoe vizuri. Namfuata mwenzangu kazini.' Mimi nikacheka. Nikamnyoa. Tulipomaliza akaitoa picha, akaitia mfuko wa shati, na pochi akanikabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha vifaa vya kazi. Akaondoka."

"Na wewe?"

"Nilikuwa na mteja mwenye povu usoni. Nikasema nikimmaliza huyu nitamfuata. Nikammaliza, akakaa mwingine." Alisugua viganja. "Yule mama alituomba sisi watatu, mimi na mwuza mkate na mwuza magazeti. Alisema, 'Nyinyi ndio macho yangu mtaani.' Sasa nitamwambia nini? Yeye amefungwa macho hospitalini, na mimi niliyekuwa jicho lake nimelala."

"Tumweke ndani, afande?" Koplo aliuliza.

"Mgala muue na haki yake mpe. Kadanganya, lakini hela hakugusa, na pochi kaileta mwenyewe." Alimgeukia kinyozi. "Kafunge duka. Gonga kila mlango wa mtaa wenu. Ukimwona, mpe kitu cha kula kwanza, maswali baadaye."

Kinyozi alitoka karibu akimbie. Inspekta akasimama, akachukua pochi.

"Twende hospitali."

"Hapana!" Karani aliinuka. "Mama asiambiwe. Daktari kamkataza kulia. Kidonda kikilowa machozi jicho linaweza kuharibika."

"Sitamwambia kitu. Nataka fundi anieleze kazi yake."

Wodi ya macho ilikuwa na madirisha makubwa yenye mapazia yaliyoshushwa nusu. Mama alikuwa ameketi wima kitandani, kitambaa cheupe kimemfunika jicho la kushoto, na mikono yake yenye vidole virefu imetulia juu ya shuka. Alikuwa na ule utulivu wa watu waliofanya kazi ya mikono maisha yao yote na sasa wamekatazwa kufanya chochote.

"Shikamoo, mama," Inspekta alisema.

"Marahaba. Sauti siijui, ila hivyo viatu ni vya serikali."

Inspekta alicheka licha ya moyo wake. "Ni vya serikali, mama. Nimekuja kuuliza habari za kazi. Naambiwa wewe ni mjalidi. Hii mikato ya kwenye pochi ina maana gani?"

Akamwekea pochi mapajani. Karani alibaki mlangoni, amejiziba mdomo kwa kiganja. Mama aliipapasa pochi, akaikumbatia kidogo, kisha akapitisha kidole gumba ubavuni, kutoka juu kwenda chini. Kidole kikasimama. Akakirudisha juu akaanza tena.

"Nani kaipanga upya?" aliuliza.

Mama hakungoja jibu.

"Kitabu huja mikononi mwa mjalidi vipande vipande," alisema. "Ukivipanga vibaya ukavishona, kitabu kimekufa. Basi kila kipande hupigwa alama nyeusi mgongoni. Cha kwanza juu, cha pili chini kidogo, cha tatu chini tena. Ukivipanga sawa, alama zinakuwa ngazi. Ngazi ikivunjika, fungua uanze upya, usibishane nayo. Mume wangu anaijua hiyo ngazi kuliko anavyolijua jina lake. Kwa hiyo nilimkatia kwa kisu, maana macho yanazeeka, lakini kidole gumba hakizeeki."

"Na mpangilio wenyewe ni upi?"

"Cha kwanza hela ya mkate. Kisha ya gazeti. Kisha ya kinyozi. Halafu kitambulisho na kadi, watu wamjue akianguka. Halafu ufunguo. Mwisho, mimi." Alitabasamu, halafu tabasamu likapotea. "Akinifikia mimi siku imekwisha. Yuko mlangoni. Ananikabidhi pochi kwa mikono miwili ananiambia, 'Zamu imekwisha.' Kila siku ya Mungu." Vidole vyake vilifungua jalada, vikaingia kwenye kifuko cha mbele. "Hapa mimi nimekuwa wa kwanza. Tena simo."

Muuguzi alikuwa akisukuma kitoroli mbali kule, gurudumu moja likilia.

"Amepotea, siyo?" mama aliuliza.

"Tunamtafuta, mama," alisema Inspekta. Kudanganya hakuweza.

Karani akaja akapiga magoti kando ya kitanda. "Ni mimi, mama. Jana jioni niliona hela zimetawanyika, kadi huku, ufunguo kule. Nikasema nimsaidie baba, nimpangie kama tunavyopanga masjala: hela na hela, kadi na kadi. Na kifuko cha picha yako nikakileta mbele, ili akifungua tu akuone. Asikukose sana. Mama, nisamehe."

Mama alinyoosha mkono hewani mpaka ukakipata kichwa cha bintiye.

"Ulikuwa hivyo tangu mdogo," alisema. "Ulikuwa unapanga maharage kwa rangi kabla ya kuyapika. Nyamaza. Mwenye ruhusa ya kulia hapa ni wewe peke yako, na hata wewe usizidishe. Mimi daktari kanikataza." Midomo ilimtetemeka, akaibana. "Heri kufa macho kuliko kufa moyo, na moyo wangu bado unaona. Nendeni mkamlete. Tena upesi, maana sitaweza kujizuia mpaka jioni."

Inspekta alikuwa amekwishaanza kuunga kamba mwisho kwa mwisho, akisema kwa sauti ili mama asikie. "Anafungua pochi kwa kinyozi. Anakuona wewe. Kwake maana yake zamu imekwisha, kwa hiyo pochi anaikabidhi kwa aliye mbele yake. Lakini wewe mlangoni hukuwepo, na nyumbani katoka sasa hivi, anajua hupo. Sasa mke ambaye hayuko nyumbani yuko wapi? Yuko kazini. Ile picha ilipigwa wapi, mama?"

"Geti dogo la kiwanda," mama alijibu mara moja. "Kabla hatujaoana, chumba cha herufi kilikuwa kinatangulia kutoka. Basi alikuwa ananisubiri pale, kanyoa, kanukia, anajifanya anasoma tangazo ukutani. Tangazo moja hilohilo, mwaka mzima."

"Na kiwanda kipo?"

"Kilifungwa zamani. Siku hizi wanauza samani mle."

Koplo alikuwa ameshashika mlango.

Duka la samani lilikuwa na kioo kirefu pale lilipokuwa geti dogo, na nyuma ya kioo makochi yamepangwa kama yanasubiri wageni. Kwenye kochi la kahawia, chini ya kikaratasi cha bei kilichoning'inia karibu na sikio lake, aliketi mzee mwembamba mwenye mashavu safi. Mkono mmoja ulikuwa juu ya goti. Mwingine uliishika picha ndogo.

Karani alitoa sauti ambayo haikuwa neno.

"Yule babu?" alisema muuzaji, kijana wa tai aliyewapokea mlangoni. "Tulidhani mkewe yuko juu anachagua kitanda. Mama wa usafi alimwona anatoka jasho na kutetemeka, akampa chai yake na andazi. Akapata nafuu. Ila kuondoka hataki."

Inspekta alimtafuta mama wa usafi kwa macho, akamwona kwenye kona na ndoo yake, akamwinamia kichwa. Mwenzake akamrudishia vilevile.

"Baba!" Karani alikuwa ameshamfikia. "Baba, twende."

"Siwezi," alisema Mzee Herufi kwa upole. "Kengele bado haijalia."

"Mama hayuko hapa, baba."

"Yumo ndani. Wanamalizia kushona." Alimtazama vizuri, kwa adabu ya mtu anayemtazama mgeni. "Na wewe ni binti wa nani?"

Karani alirudi nyuma hatua moja. Tangu kituoni Inspekta alikuwa amemwona akilia mara nyingi, lakini sasa hakulia, na hilo ndilo lililomchoma Inspekta zaidi. Koplo alijongea, ameshakunja mikono ya shati tayari kumbeba mzee. Inspekta alimzuia kwa kidole, kisha akakaa kwenye kochi, ubavuni mwa mzee, kochi likamzamisha.

"Kochi zuri," alisema.

"Laini mno," mzee alijibu. "Mtu hawezi kufanya kazi."

"Mzee, mimi nina kazi yangu imevurugika. Naomba unitazamie." Akampa pochi.

Mzee Herufi aliiweka picha gotini kwa uangalifu, akapokea. Kidole gumba kikapita ubavuni, kikasimama. Nyusi zake nyeupe zikapanda. Kwa mara ya kwanza alionekana kukasirika, na hasira hiyo ilimrudishia ujana.

"Nani kafanya hivi? Hiki kitabu kimekufa!"

"Tafadhali kifufue."

Pete zilifunguka kwa mlio mkali. Vifuko vikatoka vyote, vikatandazwa juu ya kochi la bei ghali, na vidole vya mzee, ambavyo asubuhi vilisahau kufunga kifungo cha shati, vikaanza kufanya kazi bila kusita. Cha mkato wa juu. Cha chini yake. Cha chini tena. Hela zilizorundikwa pamoja alimpa Karani bila kumtazama, kama fundi anavyompa msaidizi wake. "Ya mkate humo. Ya gazeti humu. Haya, ya kinyozi." Karani akazigawa, kila hela kwenye kifuko chake. Mwishowe mzee akaitia picha ya mkewe, akafunga pete, akapitisha kidole. Ngazi ilishuka bila kuvunjika.

"Hivyo," alisema. Akafunua mwanzo, akainuka. "Mkate."

"Ndiyo, baba," Karani alisema. "Twende tukanunue mkate."

Wakamfuata. Gari la polisi lilikwenda mpaka kwa mwuza mkate kwa mwendo wa Kobe, kisha likaegeshwa, na waliobaki wakatembea nyuma ya mzee. Mkate ulinunuliwa. Gazeti likachukuliwa. Kinyozi, aliyekuwa amerudi na viatu vimejaa vumbi la milango ya mtaa mzima, alisimama mbele ya duka lake lililofungwa, hajui aweke wapi mikono. Mzee alimpa noti yake.

"Umeshaninyoa," alisema, akijishika shavu. "Lakini hesabu ni hesabu."

Kinyozi aliipokea kwa mikono miwili. Baadaye, walipokuwa wamesogea, Inspekta aligeuka akamwona bado ameishika.

Mzee alipofunua kifuko cha ufunguo, Karani alimshika kiwiko. "Leo mlango umehamia mahali pengine, baba. Twende nikuonyeshe." Mzee alimkagua, akamkagua na Inspekta, akaona viatu vya serikali, akakubali.

Mama alimsikia tangu koridoni. Aligeuza uso mlangoni kabla mtu yeyote hajasema kitu, na Inspekta aliona shuka likikunjwa katika ngumi zake. Mzee alifunua kifuko cha picha, akatazama picha, akatazama kitanda. Akaenda akamkabidhi pochi kwa mikono miwili.

"Zamu imekwisha."

"Pole na kazi," mama alisema. Akanyoosha vidole, akampapasa shavu. "Umenyoa."

"Nilikufuata kazini. Hukutoka."

"Nilichelewa."

"Nilisubiri."

"Najua," mama alisema. "Wewe siku zote husubiri."

Mkate uliwekwa juu ya kikabati. Mzee akakaa kitandani, bega kwa bega na mkewe, akafungua gazeti na kuanza kutafuta makosa ya chapa. Koplo akapata sababu ya kutazama nje ya dirisha.

"Mama," Karani alianza, "hilo kosa langu..."

"Kosa ni langu," mama alimkatisha. "Nilikaa nikatunga kitabu chote, na mwisho wake nikajiweka mimi, kana kwamba nitakuwa mlangoni maisha. Mimi, mjalidi mzima! Kuna kifuko nyuma kabisa nilikiacha bila mkato. Nadhani mikono ilijua, kichwa kikakataa. Una picha yako?"

Karani alikuwa na kitambulisho cha kazini shingoni. Akaitoa picha yake kwenye plastiki, picha ya ofisini, uso mkavu, kola imenyooka. Koplo alitoa kisu kidogo cha mfukoni kabla hajaombwa. Mama alikishika, akasita, kwa kuwa jicho halikuruhusu.

"Lete," alisema mzee. Alichukua kisu, akaweka kidole gumba chini ya ngazi ya mwisho, ya mkewe, akashusha kidogo. "Hapa."

"Hapohapo," mama alisema.

Mzee akakata. Karani akaitia picha yake humo. Mzee alifunga pete, akapitisha kidole, ngazi ikashuka mpaka chini bila kuvunjika. Akafunua moja moja: mkate, gazeti, kinyozi, kadi, ufunguo, mkewe. Akatulia kwa mkewe. Halafu, polepole, akafunua kilichofuata.

"Na huyu?"

"Huyo ni binti yetu," mama alisema. "Ukifika kwangu usinikute, fungua kinachofuata. Yeye ndiye atakayekufungulia mlango."

Mzee Herufi aliitazama ile picha muda mrefu, akaja kumtazama Karani, akarudi kwenye picha, kama alivyokuwa akilinganisha chapa na mwandiko wa mwandishi kule kiwandani. Kisha alifunga pochi, akainuka, akamwendea bintiye, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Zamu imekwisha," alimwambia.

Karani hakusema kitu. Aliipokea.

"Ameipokea?" mama aliuliza kutoka kitandani. "Mbona kimya? Ameipokea?"

"Nimeipokea, mama. Kwa mikono miwili."

Mama alishusha pumzi ndefu iliyokuwa imemkaa kifuani tangu mchana.

"Basi daktari atanisamehe," alisema, na machozi yakaanza kumtoka.